Kahawa imepanda bei: ning'oe migomba nipande mibuni?

Swali limetoka kwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mkazi wa Karagwe mkoani Kagera. Nimelifupisha kidogo:

"Nimestaafu na kiinua mgongo kimeingia. Kibanja changu kina migomba na mibuni ya zamani aliyoiacha marehemu baba. Miaka michache nyuma tuliuza kahawa ya maganda kwa elfu moja na kidogo kwa kilo. Misimu ya karibuni mnadani imevuka elfu nne. Nataka kung'oa sehemu ya migomba, ninunue na ekari tatu za jirani, nipande kahawa kote. Mke wangu hataki hata kusikia. Anasema kahawa ilimdanganya baba yake. Naomba unieleze: kwa nini bei ya kahawa hupanda halafu kila mara ikaanguka? Ni walanguzi wa Ulaya wanatuchezea? Na je, nipande au nisipande?"

Shikamoo Mwalimu, na pole kwa kusubiri.

Maswali yako ni matatu, na naona la mwisho ndilo linalokunyima usingizi. Nitalifikia. Kwanza tumpe mama haki yake. Nikikadiria umri wenu, baba mkwe wako aliongeza mibuni ama bei ya mwaka 1977 ilipomfikia masikioni, ama ile ya katikati ya miaka ya 1990. Kwa vyovyote vile, mibuni ilipoanza kuzaa sawasawa, bei iliyomtia hamu ilikuwa imeshaondoka. Mche aliupanda kwa bei ya mwaka ule. Matunda akayauza kwa bei ya mwaka ambao alikuwa hajauona.

Tuanze na huo wa 1977, maana ndio unaosimuliwa hadi leo. Katikati ya Julai 1975 baridi kali ilishuka usiku kwenye jimbo la Paraná, kusini mwa Brazil, ikaunguza mibuni hadi mashina. Brazil ndiye mkulima mkubwa wa kahawa duniani, na Paraná ilikuwa moja ya ghala zake kuu. Mwaka huohuo Angola, iliyokuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa robusta, moja ya aina mbili kuu za kahawa, iliingia vitani. Ratili moja (karibu nusu kilo) ya arabika, ile aina nyingine, ilikuwa chini ya senti 80 za dola kabla ya baridi ile. Aprili 1977 ilivuka dola 3. Kahawa yenu ya Kagera kwa sehemu kubwa ni robusta na baridi ya Brazil iliunguza arabika, lakini hilo halikuzuia kitu: mkaangaji wa Hamburg akikosa arabika huongeza robusta kwenye mchanganyiko wake, basi bei moja huivuta nyingine.

Kule mpakani mwa Kenya na Uganda, soko la Chepkube likageuka jina la utajiri. Serikali ya Amin ilikuwa ikimlipa mkulima wa Uganda kiasi kidogo sana, kwa hiyo kahawa ikavuka usiku kwenda Kenya kwa baiskeli, kwa punda na vichwani mwa watu. (Nanyi wa Karagwe mnajua kuwa kahawa ina miguu, ingawa kwenu siku hizi njia ni ya kwenda Uganda.) Watu walijenga, walioa, walinunua magari. Kufikia mwaka 1981 bei ya dunia ilikuwa chini ya nusu ya kile kilele. Miche iliyopandwa kwa shangwe ya 1977 ndiyo kwanza ilikuwa inashika kuzaa.

Sasa wewe ni mtu wa hesabu, kwa hiyo chukua karatasi. Chora mhimili wa bei na mhimili wa mavuno. Chora mstari wa wanunuzi unaoshuka na mstari wa wakulima unaopanda. Anza na mwaka wa bei ya juu. Kwa bei ile wakulima wanapanda kwingi, lakini mazao yanakuja baadaye, kwa hiyo kutoka hapo nenda mlalo hadi kwenye mstari wa wakulima. Mazao mengi yanapofika sokoni, wanunuzi watayamaliza tu kwa bei ya chini: shuka wima hadi mstari wa wanunuzi. Kwa bei hiyo ya chini wakulima wanaacha zao, mazao yanapungua, bei inapanda tena. Endelea hivyo mara nne tano na utaona umechora utando wa buibui. Mwaka 1934 mchumi Nicholas Kaldor aliuita hivyohivyo. Kabla yake Mjerumani Arthur Hanau alikuwa ameuona mzunguko huo kwenye bei za nguruwe: nguruwe wakipanda bei wafugaji huacha majike wazae, baada ya mwaka na nusu hivi soko linafurika, bei inaanguka, majike wanachinjwa, nao uhaba unaanza upya.

Nina ugomvi na mchoro huo, hata hivyo. Kwanza unamchukulia mkulima kama mtu asiyejifunza, na sijawahi kumkuta mkulima wa namna hiyo. Mkeo amejifunza, tena kwa mzee wake. Pili, na hapa ndipo penye kiini cha jibu langu lote, mchoro unaonyesha kupanda na kushuka vikiwa sawa, kumbe kwenye mazao ya miti haviko sawa hata kidogo. Nguruwe jike unaweza kumchinja kesho. Mbuni uliokugharimu miaka mitano ya palizi na matandazo huung'oi kwa sababu bei imeshuka mwaka mmoja. Bei ikitosha kulipa kuchuma tu, utachuma. Jirani atachuma. Mkulima wa Brazil atachuma kwa mashine. Mazao yanaendelea kumiminika sokoni miaka na miaka baada ya bei kufa. Ndiyo maana kilele cha kahawa huwa ni mwaka mmoja, miwili, ikizidi mitatu, na bonde lake ni refu. Kuanzia 1989 bei mbaya ilidumu hadi mwanzoni mwa 1994. Kuanzia 1999 ilidumu miaka kama mitano. Kisha ikaja ile ya 2015 hadi 2020, ambayo ndiyo elfu moja na kidogo unayoikumbuka.

Ongeza na tabia ya mnywaji. Mtu wa Finland aliyezoea vikombe vinne kwa siku hapunguzi hadi viwili kwa sababu kahawa imepanda, wala haongezi hadi vinane ikishuka. Kwa hiyo upungufu mdogo tu wa mavuno, wa mifuko michache katika kila mia, unaweza kurusha bei mara mbili, hasa kama maghala ya akiba ni matupu. Ziada ndogo nayo huiporomosha vilevile.

Miaka ya karibuni mtu aliyeamua bei yako zaidi ya yeyote ni mkulima mwenzako usiyemjua, anayeishi kwenye nyanda za juu za kati za Vietnam, mkoa wa Dak Lak. Mwaka 1990 nchi yake ilitoa mifuko isiyozidi milioni 2 ya kilo 60. Mwaka 1994 baridi ikaipiga tena Brazil, mara mbili katika majira mamoja, na bei ikaruka. Wavietnam, waliokuwa tayari wamehamia nyanda zile na kupewa ardhi, wakapanda robusta kwa kasi ambayo soko halikuwahi kuiona. Kufikia mwaka 2000 walikuwa wakitoa zaidi ya mifuko milioni 14, wameipita Colombia, wamekuwa wa pili duniani. Mwishoni mwa 2001 tani ya robusta London ilikuwa chini ya dola 500.

Msimu ule nilikuwa karani wa mizani kwenye ghala moja Bukoba, kijana asiyejua kitu. Nilichokiona ni wazee wakifika na magunia, wakisikia bei, wakikaa chini ya mwembe bila kusema neno. Wengine waliyarudisha magunia nyumbani, ingawa kule nyumbani hakukuwa na mnunuzi mwingine. Waliokuwa na watoto sekondari waliuza wakaondoka haraka. Nilipokwenda kijijini kwetu niliona kahawa imekaukia mtini, imeachwa ianguke yenyewe. Nilirudi shule kusoma uchumi wa kilimo kwa sababu ya msimu ule, si kwa sababu nyingine.

Lakini mfuate yule Mvietnam, maana hakusimama hapo. Bei ya kahawa ilipolala, pilipili manga ikapanda hadi kilele mnamo 2015. Akang'oa mibuni akapanda pilipili manga. Wenzake wote nao wakapanda, pilipili manga ikaporomoka. Kisha Wachina wakashikwa na hamu ya doriani, lile tunda la miiba wanalolijua Zanzibar, na mwaka 2022 China ikafungua mlango kwa doriani mbichi ya Vietnam. Akapanda doriani. Mibuni ikapungua, halafu ukaja ukame wa 2023 na 2024, na Brazil nayo ikapata jua kali mfululizo. Hapo ndipo mnada wenu ulipovuka elfu nne. Septemba 2024 robusta ilipita dola 5,000 kwa tani, na Februari 2025 ilikuwa juu ya dola 5,500, huku ratili ya arabika ikivuka dola 4 kwa mara ya kwanza. Sasa sikiliza kilichofuata: kufikia Julai ya mwaka huohuo, tani ya robusta ilikuwa imeshuka chini ya dola 3,500 kwa sababu mavuno ya Brazil yalianza kuingia. Miezi mitano tu. Baadaye ikapanda tena. Soko la namna hiyo linakwenda kwa habari za mvua.

Nikujibu basi kuhusu walanguzi. Wapo, na wana mchango wao. Kwenye soko la London la robusta na New York la arabika kuna watu wanaonunua na kuuza mikataba ya kahawa bila nia ya kuiona hata punje moja, na fedha zao zikiingia kwa wingi bei hupanda zaidi ya inavyostahili, zikitoka hushuka zaidi ya inavyostahili. Lakini si wao walioleta baridi ya Paraná wala ukame wa Dak Lak. Na mlanguzi hajali kama anapata faida kwa bei kupanda au kushuka, kwa hiyo si adui yako wa kudumu wala rafiki. Ukitaka kumkasirikia mtu, walioko njiani kati yako na mnada wanakuumiza zaidi. Nasema hasa butura, yaani kumuuzia mtu kahawa ingali mtini. Anayekununulia kahawa ikiwa ua amekukopesha kwa riba ambayo benki ikithubutu kuitoza itafungwa, na bei ikipanda baada ya hapo, ongezeko lote ni lake.

Kwamba serikali zijaribu kuizuia bei isiyumbe, zilijaribu. Brazil ilichoma na kutupa mifuko kama milioni 78 kati ya 1931 na 1944 ili kupunguza shehena. Mwaka 1962 nchi zinazouza na zinazonunua zilitia saini mkataba wa kimataifa wa kahawa, kila muuzaji akapewa mgao wake, na kwa muda mrefu bei ilikaa mahali pa kueleweka. Mgao huo ulivunjika Julai 1989. Wauzaji waligombania mgao, wengine walipitisha kahawa nje ya mgao kwa bei ya kutupa kwa nchi zisizo wanachama, na Marekani haikuwa na hamu tena ya kuubeba. Ndani ya miezi michache bei ilipungua karibu nusu. Sioni dalili ya mkataba wa aina ile kurudi, na mtu akikuahidi hivyo jukwaani mpigie makofi uondoke.

Kuna wakati mkono wa serikali ndio unaoleta maporomoko yenyewe, na si lazima iwe serikali yako. Waulize wakulima wa mbaazi wa Lindi na Mtwara. India ilikosa mbaazi mwaka 2015, bei ikapanda, kusini mwa Tanzania na Msumbiji wakalima kwa nguvu. Wahindi nao walilima. Agosti 2017, baada ya mavuno makubwa kwao, India ikaweka kikomo cha tani 200,000 za mbaazi kutoka nje. Msumbiji ilikuwa na mkataba wake wa pembeni. Sisi hatukuwa nao. Mbaazi ikauzwa kwa bei isiyolipa hata gunia la kuibebea. Mbaazi angalau ni zao la msimu. Mwaka uliofuata mtu alipanda ufuta. Wewe unataka kufunga ekari tatu kwa miaka thelathini.

Basi nipande au nisipande? Nikupe hesabu ya kufanya mwenyewe, kisha maoni yangu.

Chukua bei ya robusta ya London kwa tani, gawa kwa 1,000 upate kilo. Gawa tena kwa 2, kwa sababu kilo mbili hivi za maganda hutoa kilo moja ya kahawa safi. Zidisha kwa bei ya dola kwa shilingi. Mwaka 2019 na 2020, tani ikiwa karibu dola 1,300 na dola ikiwa karibu shilingi 2,300, jibu ni kama shilingi 1,500. Toa kukoboa, magunia, usafiri hadi bandarini, ushuru, makato ya chama cha msingi (AMCOS) na faida ya mnunuzi: ndiyo ile elfu moja na kidogo uliyoipata. Ukiijua hesabu hii hakuna atakayekudanganya mnadani, na utajua pia kwamba AMCOS haikukuibia kila mwaka uliodhani imekuibia.

Halafu ekari. Kwa nafasi ya mita tatu kwa tatu, ekari inaingia mibuni 450 hivi. Tuseme kila mbuni ukupe kilo mbili za maganda ukiutunza vizuri. Ni kadirio langu, lako unaweza kulibadilisha. Hiyo ni kilo 900. Kwa bei ya 4,500 ni shilingi 4,050,000. Kwa bei ya 1,200 ni 1,080,000. Andika chini ya kila jibu gharama zako: palizi, matandazo, kukatia, wachumaji, ulinzi wakati wa kuanika. Karatasi unayopaswa kuiangalia ni ile ya pili, ya milioni moja, kwa sababu katika miaka thelathini ya mbuni huo, miaka inayofanana na ile ndiyo mingi. Kama ukitoa gharama unabaki na chochote, kahawa inakufaa. Kama unabaki na deni, basi umenunua tiketi ya bahati nasibu inayohitaji palizi.

Nijuavyo mimi, mibuni aliyoiacha mzee ndiyo mali yako ya kwanza, na barua yako imeipita kama haipo. Mbuni mkongwe ukikatwa shina kwa msumeno na kuachiwa machipukizi mawili matatu yenye afya, unarudi kuzaa ndani ya miaka miwili hivi. Mche mpya unaanza mwaka wa tatu na kukomaa wa tano. Gharama ya kukata ni nguvu na muda tu. Kata theluthi moja mwaka huu, theluthi mwakani, ili usikose mavuno kabisa wakati bei bado ina uhai. Palipo na mapengo, jaza kwa miche ya vikonyo (iliyooteshwa kwa vipande vya mbuni mzazi, si kwa mbegu) kutoka kituo cha TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, pale Maruku, ile inayostahimili ugonjwa wa mnyauko. Usinunue miche ya kandokando ya barabara. Mnyauko ulioangamiza sehemu kubwa ya robusta ya Uganda kuanzia miaka ya 1990 ulifika na kwenu, na mche wa bei rahisi unaweza kuurudisha kwenye kibanja.

Migomba usiiguse. Hapo niko upande wa mama moja kwa moja. Mgomba unampa mbuni kivuli na matandazo, unampa mama ndizi kila wiki, na mwaka ambao kahawa haina bei, mgomba hauna habari. Wazee wa Kihaya walivichanganya kwenye kibanja kimoja kwa sababu walishaishi mabonde kadhaa ya bei, ingawa hawakuchora utando wa buibui.

Ekari tatu za jirani ni jambo jingine. Swali langu la kwanza: jirani anauza kwa nini, na anauza kwa bei gani? Bei ya kahawa ikipanda, ardhi ya kahawa nayo hupanda, na mtu anayenunua kileleni hulipia faida ya miaka ambayo bado haijaja. Kama anakuuzia kwa bei ya ardhi ya miaka mitano iliyopita, na fedha ni zako bila mkopo, na baada ya kununua bado unabaki na fedha ya kula miaka minne bila kuuza punje, basi nunua. Panda ekari moja kahawa na migomba pamoja. Mbili weka maharage na mahindi kwanza. Kama hata moja kati ya hayo matatu halipo, mwache jirani akae na ardhi yake. Bonde likija atairudisha sokoni kwa bei nyingine.

Unaweza kuniuliza bonde litakuja lini. Tarehe sina, lakini vitu vya kutazama viko. Tazama mvua za Dak Lak, na kama Wavietnam wameanza kuchoka na doriani. Tazama Brazil, jimbo la Espírito Santo, wanakolima robusta yao wanayoiita conilon na kuimwagilia. Tazama Uganda, yenye lengo la mifuko milioni 20 kwa mwaka, na hata sisi wenyewe tuliojiwekea lengo la tani 300,000 wakati sehemu yetu ya kahawa ya dunia haifiki mfuko mmoja katika mia. Wote hao wamesoma bei ileile uliyoisoma wewe, na wamepanda kabla yako. Na ukipita stendi ya Kayanga ukakuta miche ya kahawa imepangwa pembeni ya nyanya na vitunguu, ujue wote wameshasikia.

Nitumie idadi ya mibuni ya mzee na unene wa mashina kwa kukadiria, nikuambie ipi ya kukata kwanza. Picha za simu zinatosha, ila upige asubuhi, na mama asimame pembeni ya mbuni mmoja ili nipate kipimo.